Mlango wa Mzee Pindo

4 Juni

Mdogo wangu Msumari,

Salamu nyingi. Sisi tupo, ila Baba bado hajapata nafuu. Barua hii nimempa dereva wa lori la mbao. Amekataa hata hela ya soda, basi ukimwona mshukuru.

Daktari anasema moyo wa Baba umechoka. Ndivyo alivyosema, umechoka, kama vile ni punda. Inabidi abaki hapa chumbani kwangu, karibu na hospitali, achomwe sindano kila wiki, na sindano hizo hazitolewi kwa kuombana. Mshahara wangu wa kuoka mikate unaujua, unaisha kabla haujafika. Kwa hiyo karakana ndiyo itakayomtibu. Zunguka kwa wote tunaowadai, wa viti, wa madirisha, wa milango, kila mtu atoe alichonacho.

Nilipomwambia Baba kwamba nakuandikia ukadai, aliniita nikae, akatoa masharti kana kwamba anakukabidhi funguo za benki. Usimdai mtu mbele ya watoto wake. Usimdai mtu akiwa anakula. Anayesema hana, mwulize kwanza kama kwake kuna mgonjwa. Na kitu kilichokwisha kufungwa kwenye nyumba ya mtu, hata kama hajalipa senti, ni cha nyumba ile, usikiguse. Nikamwambia, "Baba, ndiyo maana hatuna hela." Alicheka mpaka akakohoa.

Jambo la pili. Kila siku anamwulizia Mzee Pindo. Anasema fundi cherehani huyo ndiye mtu pekee aliyebaki anayemjua tangu hana ndevu, na akifa hajamwona atakufa na kinyongo. Najua tunamdai ule mlango. Lakini Baba hataki habari za mlango, anamtaka mtu. Mwambie aje.

Dada yako

*

9 Juni

Dada, shikamoo.

Nimezunguka mpaka soli za viatu zimeniomba msamaha. Mama wa mgahawa alinikaribisha chai, nikanywa. Nilipotaja vile viti vyake akaniambia hata chai ile ina bei, basi hatudaiani. Mwenye nyumba za kupanga, ambaye tulimtengenezea madirisha yote, ameniambia nije mwisho wa mwezi. Nikamwuliza mwezi gani. Akacheka, akasema, "Wewe kijana una maneno," akapanda gari lake. Nimejifunza kitu, Dada. Maskini anakukwepa kwa aibu, tajiri anakukwepa huku anakupigapiga bega.

Muuza mbao naye amekata mkopo. Anasema Baba alikuwa akimwomba kwa mdomo wake mwenyewe, mimi nilete hela. Bandani hakuna ubao hata wa kutengenezea kigoda.

Kwa Mzee Pindo nilifika. Nilimkuta katikati ya majora ya kitambaa cha sare za shule, haonekani ila kichwa. Sare za muhula uliopita hajalipwa, na shule imemletea kitambaa kingine ashone tena. Akaniambia, "Mwanangu, shule hainilipi mimi, mimi simlipi baba yako, baba yako hamlipi muuza mbao, na muuza mbao ana watoto pale pale shuleni hajawalipia ada. Tukikaa duara tukashikana mikono, pengine tutakuta hakuna anayedaiwa." Nilicheka, lakini kicheko hakinunui sindano. Deni lake ndilo kubwa kuliko yote. Mlango ule ni wa mbao ngumu tupu, Baba aliuchonga peke yake, na tangu aumalize hajashika tena randa.

Anasema atakuja akimaliza sare. Nimekutumia kidogo nilichopata. Nisamehe ni kidogo.

Mdogo wako,
Msumari

*

13 Juni

Msumari,

Barua yako imenichekesha na kunikasirisha. Ya kuchekesha nimemsomea Baba, ya kukasirisha nimebaki nayo.

Sindano ya wiki hii hakupata. Nesi alipofika hapa chumbani aliuliza, "Mmelipa dirishani hospitali?" Nikasema bado. Akafunga kisanduku chake akaenda kwa mgonjwa mwingine. Si mbaya, kazi yake ndivyo ilivyo. Lakini tangu hapo Baba hawezi kulala chali. Nimempangia mito anakaa ameegemea ukuta, anahema kama mtu anayepanda ngazi. Miguu imevimba, nikibonyeza kidole kinaacha shimo, na shimo halirudi upesi.

Wewe unaniambia umekunywa chai kwa wadaiwa. Hongera sana. Mimi sitaki habari ya chai. Watu wamekuzoea, wanakuona mtoto wa Fundi Randa, mpole kama baba yake, wanakupitisha kushoto. Na usije ukaniambia simba mwenda pole ndiye mla nyama. Simba huyu tuliye naye anakufa njaa.

Masharti ya Baba yaweke kando kwanza. Yeye ni mgonjwa, anaweza kuwa mwema, mimi na wewe hatuna nafasi hiyo. Mtu akikosa hela hakosi kitu. Chukua kitu. Sijui utafanyaje na sitaki kujua. Ijumaa nataka hela ya sindano. Kuwa mwanamume.

Dada yako

*

17 Juni

Dada, shikamoo.

Ndani ya bahasha hii kuna hela. Zihesabu mbele ya dereva. Zitatosha sindano za mwezi huu na ujao, na dawa ya miguu.

Nimeuza mlango. Mwenye nyumba za kupanga ameununua, kalipa taslimu, yule yule wa mwisho wa mwezi. Kumbe hela anazo.

Mzee Pindo nimeonana naye. Anamsalimu Baba.

Sina mengi. Mikono inauma.

Msumari

*

22 Juni

Mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Mungu akupe umri. Baba amechomwa sindano mbili sasa, ile aliyoikosa na ya wiki hii. Uvimbe umepungua, jana amelala kama watu wanavyolala, na leo amekunywa uji bakuli zima akauliza kama jikoni umekwisha. Nilikaa barazani nikalia kidogo, kilio cha furaha, jirani akadhani tumefiwa akaja na ufagio wake mkononi kutoa pole. Nikamfukuza.

Nilimwambia Baba kwamba umeuza mlango kwa taslimu. Akauliza, "Mlango gani? Mbao kapata wapi?" Nikamwambia, "Baba, mwanao amekuwa fundi, huna budi kukubali." Akasema, "Nilijua." Neno hilo tu, kisha akageukia ukutani nisimwone macho.

Mbao ulipata wapi, kwani? Basi, usinijibu. Nilisema sitaki kujua na sitaki. Nisamehe kwa barua ile ya kukufokea. Hofu haina adabu.

Ila Mzee Pindo hajaja. Baba amechoka kungoja, ameniambia nishike kalamu. Barua yake hii hapa ndani, mpelekee mkononi.

Dada yako

*

22 Juni, kwa mkono wa binti yangu

Pindo, mshona viraka,

Usisikie naumwa ukadhani nimepoteza ulimi. Ulimi ndicho kiungo pekee kinachofanya kazi, vingine vyote vimegoma. Nimewekwa juu ya mito kama mgeni rasmi, nalishwa uji kwa kijiko, na binti yangu ananifuta mdomo kabla sijamaliza kumeza.

Nasikia una kazi nyingi. Tangu lini? Mtu aliyenishonea suruali ya harusi mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, nikaoa nikiwa nachechemea, leo ana wateja wa kumzuia asije kumwona mwenzake!

Kama unanikwepa kwa sababu ya ule mlango, basi nakwambia mbele ya binti yangu, ambaye ananikunjia uso huku anaandika: deni limekwisha. Sikudai. Hakikisha tu umeupaka rangi usiingie maji.

Pindo, naogopa. Wengine siwezi kuwaambia. Watoto wananiambia nitapona, na mimi nawaitikia ndiyo, tunadanganyana kutwa nzima, inachosha kuliko ugonjwa. Wewe hutaniambia hivyo. Nataka mtu wa kunicheka wakati naondoka. Njoo hata siku moja. Lori la mbao litakubeba bure.

Mtani wako,
Randa

*

27 Juni

Randa, bwana mbao,

Barua yako kaniletea kijana wako mwenyewe. Nilimwambia aingie akae, akasema ana haraka, akasimama nje mpaka nikamaliza kusoma. Mtoto mwenye adabu yule, sijui kaitoa wapi, kwako haipo.

Suruali ile ilikuwa sawa. Miguu yako ndiyo haikuwa sawa, na mpaka leo nakungoja uniombe radhi.

Sasa sikiliza. Siwezi kuja wiki hii. Mguu wangu wa kukanyagia cherehani umevimba, tena hapa ndani kuna kitambaa cha shule, si mali yangu, siwezi kukiacha peke yake. Usinune. Nikimaliza hizi sare nakuja na nitakucheka mpaka ujute kuniita.

Neno lako la kufuta deni nimelisikia na nimelikataa. Nitalipa, nisije nikafika huko ukanitambia mbele ya manesi. Mlango wako ni mzima. Asubuhi naufungua kwa kidole kimoja, jioni naufunga, unarudi mahali pake bila kelele. Wapita njia wanauliza nani kauchonga. Nawaambia ni adui yangu mmoja.

Na usiogope peke yako. Ukianza kuogopa ngoja, tutaogopa wote nikifika. Usiende popote kabla sijaja.

Pindo

*

3 Julai

Msumari,

Nilimsomea Baba barua ya Mzee Pindo. Pale pa suruali alicheka. Nilipofika kwenye "siwezi kuja" kicheko kilikoma. Kisha akasema, "Mguu haujavimba huo. Ana aibu ya deni. Nilimgeuza rafiki yangu kuwa mdaiwa, sasa nimebaki na mdaiwa." Tangu siku hiyo uji haupiti. Sindano anachomwa, lakini leo daktari amekuja kumwona, akaniita barazani, akaniambia moyo hauitiki tena. Kama kuna mtu wa kumwona, aje.

Nilikuwa nakuandikia umbebe Mzee Pindo mgongoni ikibidi. Kalamu iko mkononi, dereva akaingia kuuliza kama kuna mzigo. Akamwona Baba amelala, akatikisa kichwa, akaninong'oneza, "Masikini. Na yule fundi cherehani naye atakujaje, na nyumba iko wazi?" Nikamwuliza iko wazi vipi. Akaniambia. Alidhani najua. Anasema ni yeye aliyekusaidia kuupakia.

Msumari! Uling'oa mlango wa Mzee Pindo?

Mlango aliouchonga Baba, ukauza? Yule mzee ndiye aliyetununulia madaftari mwaka ule Mama alipofariki, na Baba akiwa hajui hata tunasoma darasa gani. Yule ndiye alikuwa anakushonea kaptula kwa vipande vya nguo za watu. Ukaenda na bisibisi!

Leo jioni nesi alipokuwa anavuta dawa nilitoka nje. Nilishindwa kutazama. Kila tone la ile dawa ni mlango ule. Tumemnunulia Baba siku za kuishi, na kwa hela hiyo hiyo tumemzuilia mtu ambaye yeye anataka kuishi ili amwone.

Wala usidhani nimesahau. "Chukua kitu." Niliandika kwa mkono huu huu. Ukitafuta wa kumlaumu tuko wawili.

Baba hajui. Urudishe ule mlango. Uurudishe leo.

Dada yako

*

5 Julai

Dada, shikamoo.

Anayekupa barua hii ni Mzee Pindo mwenyewe. Mwingize kwa Baba kwanza, ndipo usome.

Mlango haurudi. Nilikwenda kwa mwenye nyumba za kupanga nikapiga magoti sebuleni kwake. Aliukata juu na ubavuni ili ukae kwenye nyumba yake mpya. Sasa hauwezi tena kuziba pale ulipotoka.

Nikueleze ilivyokuwa, kisha useme unalotaka. Nilikwenda kwa Mzee Pindo nikiwa na barua yako mfukoni. Njia nzima nilijipandisha hasira, maana bila hasira nisingeweza. Nikamkuta anashona. Nikamwambia mbele ya dereva, "Baba mdogo, leo hela au mlango." Akauliza, "Ni ya dawa?" Nikasema ndiyo. Akainuka, akasogeza cherehani, akaniletea kiti nifikie bawaba ya juu.

Ule mlango ni mzito, unaujua. Bawaba ya mwisho ilipolegea ungeniangukia kifuani. Ni yeye aliyeushika. Dada, aliushika mlango wake mwenyewe ili mimi niung'oe nisiumie. Na mimi bado nikaendelea. Mnunuzi alitaka na fremu, nikang'oa na fremu, matofali yakamomonyoka, likabaki tundu kubwa kama mdomo. Majirani walikuwa wamesimama wanatazama. Mzee akatundika shuka.

Wiki ile ile mwizi akapita, akaondoka na jora moja la kitambaa cha shule. Sasa shule inamdai yeye, badala ya yeye kuidai shule. Tangu hapo analala kizingitini, haendi hata dukani. Ndiyo sababu hakuja. Hakuna mguu uliovimba. Na hakumwandikia Baba ukweli kwa sababu, aliniambia hivi, "Baba yako amebakiza mtoto mmoja wa kumrithi kazi, sitamharibia."

Usiniambie nigongomee mbao. Nimejaribu kwa mabanzi niliyookota, ukuta haushiki kitu, unamwagika. Kuhamishia vitu bandani kwetu haiwezekani, banda lenyewe halina ukuta. Na Mzee hawaamini tena majirani, wala simlaumu.

Basi nimemwambia aende, mimi nikae. Alikataa sana. Nilikuwa na nguo zangu kwenye mfuko, Dada, nilitaka kuja, nilikuwa nimeshamwambia dereva. Lakini nyumba hii hatuwezi kuiacha sote wawili, na Baba aliyemwita ni yeye. Nimekaa hapa mlangoni, au pale palipokuwa na mlango. Watu wakipita wananisalimia, nami naitikia.

Mwambie Baba namsalimu. Mengine nakuachia wewe.

Mdogo wako,
Msumari

*

8 Julai

Marahaba, mdogo wangu.

Hasira yangu imekwisha, usiitafute. Nikueleze ya huku.

Baba alikuwa amefumba macho. Mzee Pindo alisimama miguuni pa kitanda na unga wa mbao mwili mzima kutoka kwenye lori, akasema kwa sauti, "Nani kakitandikia hiki kibao kibovu shuka safi namna hii?" Baba hakufumbua macho. Akasema, "Nimesikia harufu ya mtu asiyelipa." Wakacheka. Sijawahi kuona wazee wawili wanacheka hivyo, wameshikana mikono, machozi yanawatiririka, na hakuna anayejificha. Baba alikula vijiko vinne kutoka mkononi mwake. Mimi nilikuwa namsihi wiki nzima.

Halafu akauliza, "Msumari yuko wapi? Mbona hamkuja pamoja?"

Mzee Pindo alijibu haraka, kama mtu aliyejiandaa njia nzima. "Kazi zimemwelemea. Wateja wanampigania."

Baba akasema, "Hata leo?"

"Hata leo."

Nilifungua mdomo niseme, Mzee Pindo akanitazama, nikaufunga. Baadaye kidogo Baba akasema, si kwa hasira, alisema tu, "Mimi nilikuwa nafunga karakana akiumwa jino."

Nilimfuata Mzee nje, nikamwambia hii si haki. Akaniambia, "Binti yangu, bora amnunie mwanawe kidogo kuliko amwonee haya. Kununa kunapita." Labda anajua kuliko mimi. Lakini Baba hanuni, Msumari. Kila mtu akiingia, nesi, jirani, mtoto wa jirani, anainua kichwa kutazama ni nani, kisha anakirudisha kwenye mto.

Njoo. Waibe kitambaa, waibe na cherehani, tutalipa sisi maisha yetu yote, tumeshazoea. Njoo akuone tu.

Dada yako

*

10 Julai

Dada, shikamoo.

Nimesoma barua yako nimesimama, nimekaa, nimesimama tena. Nilifika mpaka njia panda, nikarudi. Kuna mtu alikuwa ameshafunua shuka anachungulia. Aliponiona akajifanya anauliza kwa fundi viatu ni wapi. Nikiondoka, jioni hapa hakuna kitu, na Mzee Pindo atarudi kutoka kwenye kitanda cha rafiki yake akute polisi walioletwa na shule. Siwezi kumfanyia hivyo mara ya pili.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Mzee ametudanganyia kwa wema wake, na mimi sitaki wema huo. Kuanzia hapa chini maneno ni ya Baba. Msomee kama yalivyo, usiyapunguze makali.

Baba, shikamoo. Ni mimi Msumari.

Sina kazi zilizonielemea. Sina kazi hata moja, muuza mbao amenikatia mkopo tangu ulipoondoka. Nimekaa kizingitini kwa Baba mdogo Pindo, nalinda kitambaa, kwa sababu nyumba yake haina mlango. Niliung'oa mimi, nikauuza, ule uliouchonga kwa mkono wako. Ulisema nisiguse kilichokwisha fungwa kwenye nyumba ya mtu. Nilikuwa naona ni mbao na bawaba tu, na nilikuwa nataka upate dawa. Ulipoambiwa nimeuza mlango ukasema "Nilijua." Hukujua, Baba. Nisingetaka uendelee kufikiri hivyo.

Nitukane. Niite mwizi mbele ya Dada na mbele ya manesi, nimekubali. Ila usiseme kwamba kulikuwa na kazi iliyonishinda kuiacha nije kwako. Lile jino nalikumbuka. Ulinibeba mpaka kwa daktari na msumeno ukiwa bado umeushika mkononi, watu wakatupisha njia wakidhani unakwenda kunikata. Ningekuja, Baba. Ningekuja kwa miguu.

Mwanao,
Msumari

*

11 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipokea leo asubuhi. Baba alifariki jana jioni.

Hakuteseka. Mzee Pindo alikuwa anamsimulia ile habari ya suruali, amefika pale Baba anaingia ukumbini anachechemea, akaona hajibiwi. Alimalizia kuisimulia yote. Kisha ndipo akaniita.

Kabla ya hapo, mchana, Baba aliniuliza tena kama umefika. Nilimwambia uko njiani. Sikuwa na neno jingine, Msumari. Kama nimekosea, nimekosea.

Dereva aliponipa bahasha yako alikuwa hajui. Nikafungua, nikaona umeandika "Msomee." Nikamwambia Mzee Pindo, tumechelewa. Akasema, "Umeambiwa umsomee, msomee." Baba alikuwa amelazwa pale pale kitandani, shuka limemfunika uso. Tukalifunua. Nikavuta kiti, nikamsomea yote, polepole, mlango, bawaba, jino, mpaka hapo ulipoandika mwanao. Mara mbili sauti ilinikatika, na mara zote mbili Mzee Pindo alisema, "Endelea, anangoja." Mimi sijui marehemu wanasikia nini. Najua nimesoma kwa sauti na sikuyapunguza makali.

Kesho tunamleta nyumbani kwa lori. Mzee Pindo amesema tupitie kwanza kwake. Anasema yeye na Baba wameshaagana. Atashuka yeye akae kizingitini pake, na wewe utatoka, upande nyuma ukae na Baba.

Dada yako